Simu inameza nota ndefu za kwaya: nirekodi vipi mazoezi, na biti ifike vipi kwenye miksa?

MwalimuSegerea:

Wakuu, Bwana asifiwe. Na ndugu zangu wa upande wa pili, asalaam aleykum, maana najua humu mpo na mambo ya sauti mnayajua.

Kwaya ni ya watu 28, sauti nne. Kanisa ni la mabati bila dari, mapangaboi sita, miksa ya chaneli nane. Chombo cha kurekodia na cha kupigia biti (muziki uliorekodiwa wa kuimbia) ni simu hizi hizi za Android zilizojaa mtaani. Matatizo ni haya:

Kwanza, rekodi. Kwaya ikishika nota ndefu, mfano "Amina" ya mwisho, baada ya sekunde mbili au tatu sauti inanyauka kana kwamba waimbaji wanatoka nje ya kanisa. Wakinyamaza kuvuta pumzi, linaingia shwaaa la mapangaboi.

Pili, biti. Kwa bluetooth, Jumamosi kanisa likiwa tupu inakwenda vizuri, Jumapili inakatakata. Tena mpiga dramu anayefuata mwanga wa mapigo kwenye kioo cha simu hakutani na spika. Tukitumia waya, besi na sauti ya kiongozi zinapotea, vinabaki vinanda vya pembeni na mwangwi.

Tatu, watu wa sauti ya nne (besi) wanaojifunzia kwenye simu wanasema hawasikii sauti yao.

Na kuna la imani. Wazee wameanza kuuliza simu inafanya nini karibu na madhabahu. Kwangu wimbo ni sala, si kijazio cha ratiba, kwa hiyo swali lao ni halali. Naomba majibu yanayotenganisha kosa la chombo na kosa letu.

FundiMiksa_Tabata:

Mwalimu, la kwanza si simu mbovu. Ndivyo ilivyofundishwa. Simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na ndani yake kuna programu mbili zinazofanya kazi bila kukuuliza. Moja hupunguza kelele. Inaitambua kelele kwa alama moja: sauti isiyobadilika. Maneno ya mtu hubadilika mara kadhaa kila sekunde, ila pangaboi linaunguruma vile vile dakika nzima. Sasa watu 28 wakishika "Amina" mapigo manane bila kutikisika, hesabu ya simu inasema hilo ni pangaboi, linakandamizwa. Kadiri kwaya yako inavyoshika nota vizuri ndivyo inavyoadhibiwa.

Ya pili hujipangia ukubwa wa sauti yenyewe. Kwaya ikipaza inashusha, ikinyamaza inapandisha, ndiyo maana shwaa linakuja kwenye pumzi. Wimbo wenye sehemu ya taratibu na sehemu ya nguvu unatoka bapa.

La kufanya: fungua mipangilio ya kinasa sauti kilichokuja na simu. Kikiwa na hali kadhaa, chagua ya kawaida, si ya mahojiano wala ya kugeuza maneno kuwa maandishi, na zima kila kinachotaja kupunguza kelele. Ikishindikana, weka programu ya kurekodi inayokuruhusu kuchagua chanzo cha maiki. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna chanzo cha sauti ghafi isiyoguswa, ingawa si kila mtengenezaji amekiweka. Kisipokuwepo, chagua chanzo cha utambuzi wa usemi. Jina linapotosha, lakini masharti ya Android yanataka kwenye chanzo hicho upunguzaji kelele na ule upangaji wa sauti viwe vimezimwa. Kwa wenye iPhone, ingia mipangilio ya Voice Memos, ubora wa sauti uchague "Lossless" (usiopoteza kitu), na usiguse kitufe cha kuboresha rekodi.

Jaribio la kujua kama umefanikiwa: mtu mmoja aimbe "aaa" sekunde kumi, nguvu ile ile, nota ile ile. Angalia mchoro wa sauti kwenye kioo. Ukibaki mnene mpaka mwisho, uko sawa. Ukianza mnene halafu ukachongoka kama mkia wa panya kuanzia sekunde ya tatu, bado kuna kitu kinakandamiza. Usirekodi kwaya kabla jaribio hilo halijapita.

Kuhusu mahali pa simu: maiki kuu ipo chini, karibu na tundu la chaji. Upande huo ndio uelekee kwaya, na hakikisha kava haijaziba kitundu. Weka simu kwenye stendi mita 2.5 hadi 3 kutoka mstari wa mbele, juu kidogo ya vichwa. Usiilaze mezani. Meza inarudisha sauti na inabeba kila mguu unaokanyaga. Kwenye mabati bila dari, tundika mablanketi mawili au vitenge vizito nyuma ya simu ili mwangwi wa ukuta usirudi moja kwa moja kwenye maiki. Mapangaboi zimeni dakika nne za wimbo, kisha muwashe. Mvua ikianza, funga kazi. Hakuna programu itakayotoa mvua ya bati kwenye rekodi bila kutoa na kwaya.

Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 44.1 kHz, 16-bit, mono (sauti ya njia moja). Inakula kama MB 5.3 kwa dakika, saa mbili ni karibu MB 640. Nafasi ikibana, faili lililobanwa la 128 kbps linatosha kwa kujifunzia, chini ya MB 1 kwa dakika. Na simu nyingi za bei nafuu huua programu kioo kikizimika ili kuokoa betri. Ingia mipangilio ya betri ya programu yenyewe, iruhusu ifanye kazi nyuma bila kizuizi, la sivyo saa mbili za mazoezi zitaishia dakika ya kumi na tano.

Kebo_na_Jeki:

Mimi niguse waya, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Mkuu, tazama jeki kubwa mnayochomeka kwenye miksa. Hesabu pete nyeusi. Nina hakika ina mbili. Tundu la chaneli ya miksa likipokea jeki ya pete mbili huwa halijumlishi kushoto na kulia, bali linatoa kimoja kwenye kingine. Limetengenezwa hivyo ili kufuta kelele za njiani kwenye kebo ndefu. Sasa simu inatuma sauti mbili, kushoto na kulia. Kila kilichopangwa katikati kiko sawasawa pande zote: besi, dramu kubwa, kiongozi. Toa kitu kwenye kitu kile kile, jibu ni sifuri. Vinabaki vinavyotofautiana kushoto na kulia, yaani hivyo vinanda vya pembeni na mwangwi. Na tahadhari: mtu akikushauri ubadili biti iwe mono ukaacha kebo hiyo hiyo, utapata kimya kitupu.

Kebo unayotaka ni ya Y: upande wa simu jeki ndogo ya 3.5 mm, upande wa miksa jeki mbili kubwa, kila moja pete MOJA. Zichomeke chaneli mbili, moja izungushwe kushoto kabisa, nyingine kulia. Kama spika zenu zinatoa sauti moja tu, zote ziache katikati. Umebaki na chaneli moja? Hapo badili biti iwe mono, uchomeke mguu mmoja tu wa hiyo Y. Miksa yenye matundu mekundu na meupe ya RCA ya kuingizia inapokea bila kula chaneli za maiki.

Simu isiyo na tundu la hedifoni ni kero ya kweli. iPhone ilianza kuliondoa mwaka 2016 na iPhone 7, wengine wakafuata. Sasa unanunua adapta ya Taipu C. Zipo za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina chipu ndogo ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya waya. Nyingine ni nyaya tupu, inafanya kazi tu kwenye simu ambayo yenyewe hutoa sauti ya waya kupitia Taipu C. Ukiweka ya nyaya tupu kwenye simu isiyotoa, sauti itaendelea kutoka kwenye spika ya simu kana kwamba hujachomeka kitu. Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo utapewa yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Nenda na simu ile ile ya biti, chomeka, piga wimbo, ndipo ulipe. Nunua mbili, kwa sababu huvunjika shingoni.

Mkisikia "nguuu" nzito, chomoa chaja ya simu. Ikikoma, simu na miksa zinazunguka kwenye ardhi ya umeme kwa njia mbili. Chaji kabla ya ibada au tumia pawabanki, au weka boksi la DI (kiboksi kinachokaa kati ya simu na miksa) lenye swichi ya kukata ardhi ya sauti. Kamwe msikate mguu wa ardhi wa plagi. Huo unalinda maisha ya anayeshika maiki.

Sauti ya simu iweke asilimia 80 hadi 90, kisha pandisha geini ya chaneli mpaka sehemu yenye nguvu kuliko zote iguse sifuri kwenye taa za miksa. Zima vikuza sauti vyote ndani ya simu.

Bluetooth: mawimbi yake ni 2.4 GHz, na mwili wa mtu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, huyanyonya. Jumamosi hakuna watu katikati, Jumapili wapo mia tatu wamesimama. Ndiyo siri ya kukatika. Kuchelewa nako kwa kawaida ni milisekunde 150 hadi 250. Hakudhuru kama wote wanafuata spika. Kunadhuru pale mmoja anapofuata kioo. Kwenye wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600, kwa hiyo mpiga dramu wako anatangulia theluthi ya pigo. Mwondoeni kwenye kioo, awe na spika ndogo karibu naye, na bluetooth iachwe nyumbani.

UstaadhDufu:

Waaleykum salaam mwalimu. Aliyoeleza Fundi ni yale yale kwenye kisomo na kaswida, pengine hata zaidi. Madda ya lazima (mvuto wa sauti katika kusoma Qur'ani) huvutwa harakati (vipimo vya muda) sita, ghunna harakati mbili, na ghunna ni mvumo wa puani, laini, usiobadilika. Kinasa cha simu kinaukata katikati. Mwanafunzi anayejifunza kwa rekodi hiyo anasikia ghunna fupi, naye anasoma fupi. Hapo si suala la ladha tena, ni hukumu za tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, zinaharibiwa na mpangilio wa simu. Jaribio la "aaa" sisi tunalifanya kwa "nnn", maana mvumo wa pua ndio unaotangulia kumezwa.

Niongeze la dufu. Likiwa karibu, pigo lake linaivuka maiki ya simu kabla programu haijafanya lolote, sauti inapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki. Wapiga dufu wakae nyuma ya waimbaji, mita tatu zaidi, na simu iwaelekee waimbaji. Vilele vya sauti vibaki kati ya -12 na -6 dB kwenye kipimo cha kinasa. Visogeeni vyombo kwanza, vitufe baadaye.

DadaSauti_ya_Pili:

Mwalimu, nianze na besi. Spika nyingi za simu hudhoofika sana chini ya hertzi 300 hivi. Sol ya chini ya besi, wimbo ukiwa funguo ya C, ni hertzi 98. Mtu yuko kwenye daladala ya Mbagala, simu sikioni, sauti yake halisi haitoki kabisa, anachosikia ni vivuli vyake vya juu, anaishia kukamata tenori. Mpiga kinanda aicheze sauti ya nne oktavu moja juu, aseme mwanzoni "imbeni chini yake", kisha mwimbaji mmoja wa besi aiimbe mahali pake halisi. Rekodi hiyo ya pili isikilizwe kwa hedifoni.

Usitume wimbo mzima. Kata vipande vya dakika moja, kila sauti peke yake, halafu kipande kile kile sauti hiyo ikiwa mbele na nyingine tatu zikiwa chini. Tumeni kwenye WhatsApp kama hati. Ujumbe wa sauti wa kushikilia kitufe hubanwa kwa kiwango cha maongezi. Jina la faili liwe wazi: wimbo, sauti, ubeti, tarehe.

Na solfa (nota za do, re, mi) isiachwe kwa sababu ya rekodi. Mfumo huu John Curwen aliukuza Uingereza karne ya 19 juu ya kazi ya Sarah Glover, kusudi likiwa watu wa kawaida waimbe sauti nne bila kumiliki chombo. Kwaya inayosoma d, m, s ubaoni inajua *kwa nini* besi inashuka pale. Inayokariri simu inajua tu kwamba inashuka, na ikikosea haina pa kurudi.

Angalieni pia funguo. Kwaya isiyo na chombo hushuka taratibu, na wimbo wa beti nne unaweza kuishia nusu toni chini. Biti haishuki. Mkijifunza wiki tatu bila chombo halafu Jumapili mkawekewa biti, ubeti wa kwanza utakuwa mapambano mbele ya watu. Chukueni nota A ya kinanda, pimeni kwa programu ya kupimia nota iliyowekwa A = hertzi 440, mwanzo wa wimbo na mwisho wake. Kama biti iko juu kwenu, ishusheni kwa Audacity (programu ya kompyuta ya kuhariri sauti) nusu toni au toni moja. Kuanzia toni moja na nusu dramu na sauti za watu zinaanza kusikika za bandia.

Sasa la wazee. Nadhani wanauliza swali sahihi kwa jina lisilo sahihi. Tatizo si simu kuwa karibu na madhabahu. Biti haina macho. Mpiga kinanda akiona kusanyiko limeingia kwenye kibwagizo na hakuna anayetaka kukiacha, anakirudia mara ya tano, anashusha vyombo, anawaacha waimbe kwa sauti zao tu. Biti inafika dakika ya nne na sekunde thelathini, inaisha. Watu walikuwa wanaomba, wakakatwa. Kwa nyimbo za kusanyiko mimi naona biti isitumike kabisa: kinanda kimoja na ngoma, hata mpigaji awe anajua funguo tatu tu. Kwa wimbo wa kwaya wenye mpangilio uliofungwa, biti haina ubaya, ila kuimba kwa kufumba na kufumbua midomo juu ya rekodi ya sauti zenu wenyewe sikubaliani nako. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari ya kuimba kwa roho na kwa akili pia, na pale hakuna kimojawapo.

FundiMiksa_Tabata:

Dada, nakubali karibu yote, lakini makanisa mengi ya pembezoni mpiga kinanda hayupo na hatakuwepo mwaka huu. Kuna njia ya katikati. Chukua biti, ikate vipande vinne kwa Audacity: mwanzo, ubeti, kibwagizo, mwisho. Kata pale pale pigo la kwanza linapoanza, ukikuza mchoro mpaka uone ukuta wa dramu unaposimama. Ukikata milisekunde 30 nje, mruko utasikika kila mzunguko. Hifadhi kwa WAV, si MP3, kwa sababu MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na kirudio kinachechemea. Tumia programu ya kupiga vipande yenye vitufe, kibwagizo ukiweke kijirudie chenyewe. Kisha muweke mtu anayetazama kusanyiko, si kioo, kidole chake kikiwa kwenye kitufe cha "mwisho". Biti inapata macho ya mtu.

MwalimuSegerea:

Wakuu, nashukuru sana. Jeki nimeitazama sasa hivi: pete mbili. Hilo la vipande vinne nitalipeleka kwa wazee pamoja na hoja ya dada, waamue wakiwa na zote mbili mezani.

Mawili ya mwisho. Video ya kwaya tunapiga kwa simu moja na sauti kwa nyingine, namna ya kuzikutanisha? Na simu ya biti isiite katikati ya ibada, "hali ya ndegeni" inatosha?

Kebo_na_Jeki:

Video: simu zote zikianza, mtu mmoja apige kofi moja kali mbele ya kamera, karibu na simu ya sauti. Kwenye kuhariri tafuta picha ambayo viganja vimekutana, sogeza kilele cha kofi kikae hapo, kisha zima sauti ya kamera. Usilinganishe kwa sauti ya kamera ikiwa imekaa mbali. Sauti husafiri kama mita 1 kwa milisekunde 3, kwa hiyo kamera iliyo mita 10 nyuma inasikia karibu picha moja nzima kuchelewa. Pigeni kofi kila wimbo. Saa za ndani za simu mbili haziendi sawasawa kikamilifu, na ukirekodi ibada nzima kwa kofi moja midomo na maneno vitaanza kuachana kabla hamjafika mwisho.

Hali ya ndegeni haitoshi. Inazuia simu na ujumbe, haizuii alamu. Hata "Usinisumbue" kwa kawaida huruhusu alamu ilie. Kama simu ni ya mtu anayeamkia ibada ya kwanza, fungua saa, zima alamu zote moja moja, pamoja na zile zilizoahirishwa ambazo zinasubiri kurudia. Pitia na vikumbusho vya kalenda. Halafu ipige biti dakika tano nzima, kioo kikiwa kimezimwa, waya ukiwa umeshachomekwa, kabla mtu wa kwanza hajaingia kanisani.

UstaadhDufu:

Na programu za adhana, kama mwenye simu ni wetu. Nyingi hulia kwa njia ya alamu. Zizimwe humo humo ndani ya programu.